Maji Yaliyobaki Kwenye Ndoo

Machi 9, Jumapili

Daftari hili lilikuwa la Aminieli, mume wangu. Kurasa za mbele ameandika mambo ya ng'ombe: lini amepandishwa, lini amezaa, lini ameogeshwa dawa ya kupe. Mara ya mwisho ni Januari 4, "Zawadi kaogeshwa." Chini yake hakuna kitu. Tarehe kumi na moja alianguka akifunga mlango wa banda, na tarehe kumi na sita tulimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, pembeni ya baba yake.

Nimeona si vizuri karatasi zote hizi zikae bure. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka.

Mvua bado. Tumebaki watatu hapa: mimi, Zawadi ng'ombe na Tomi mbwa. Aminieli alimkataza Tomi kuingia jikoni tangu akiwa mdogo. Sasa ninapopika anasimama mlangoni, miguu ya mbele imegusa kizingiti tu. Leo nimemwambia, "Ingia, aliyekukataza hayupo." Hakuingia.

Machi 14

Mvua imeanza saa nane mchana. Nimetega ndoo.

Machi 15

Mvua.

Machi 22, Jumamosi

Majani ya ng'ombe huku juu Marangu hayatoshi, kwa hiyo nanunua ya kutoka tambarare, na yanakuja na kupe. Zawadi anao kwenye kiwele. Tomi anao masikioni, wamejaa kama punje za mtama.

Aminieli alikuwa na namna yake. Jumapili baada ya chakula alikaa kwenye kigoda, Tomi katikati ya magoti, kopo la mafuta ya taa pembeni, akawatoa kwa vidole mmoja mmoja. Kila mmoja alimpa kwao. "Huyu ni wa Kahe. Huyu wa Himo, ona alivyoshiba." Mimi nilikuwa namcheka, namwambia kwamba wanaume wenzake wanapumzika siku ya Bwana. Leo nimejaribu. Macho yangu hayaoni kitu kidogo, na vidole vinateleza. Nimetoa wanne, Tomi akachoka nami.

Machi 27

Shemeji Shedrack amekuja asubuhi ameshika mabawa ya kuku. Huyu ni mdogo wake Aminieli, tumepakana; katikati yetu kuna mstari wa masale tu, ile mimea ya mpakani. Mkewe Hilda anapeleka maziwa kwenye nyumba nane za huku kwetu.

"Shemeji, unalijua hili bawa?"

"Salamu kwanza, shemeji. Umeamkaje?"

"Nimeamka vibaya. Mbwa wako amekula mtetea wangu aliyelalia. Mayai kumi na mawili yanapoa pale."

"Nitakupa mtetea wangu."

"Yule? Yule ni rika langu. Labda ukalalie wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akamtazama Tomi aliyekuwa amelala chini ya mbuni, akasema, "Huyu siku moja atakula kitu kitakachomshinda." Akaondoka na mabawa yake.

Machi 29, Jumamosi

Saa sita mchana. Leo nimemwogesha Zawadi mwenyewe, kazi ambayo sikuwahi kuifanya. Nimechanganya dawa kwenye ndoo kama nilivyomwona Aminieli akifanya, nikampaka kwa kitambaa mwili mzima. Yaliyobaki, karibu nusu ndoo, sikuona sababu ya kuyamwaga, nikamwogesha Tomi. Sikumsuuza ili dawa ifanye kazi. Nimemfunga chini ya upenu akauke asije akagaagaa kwenye tope. Nimechoka lakini nafsi imefurahi. Aminieli angeona, angesema, "Kumbe unaweza."

Machi 30, Jumapili

Tomi amekufa.

Naandika yote, maana nisipoandika nitayarudia kichwani tu.

Jana saa saba nilimfungua. Alikimbia moja kwa moja mpakani, na nilipomtazama alikuwa anatafuna mfupa. Haukuwa wa kwangu, mimi sijapika nyama tangu msiba. Saa tisa akaja mlangoni pa jikoni. Nikaona mate yanamtoka, si kama ya mbwa mwenye njaa, yananing'inia kama uzi mpaka chini. Macho yanatoa machozi. Nikamwita, akataka kuja, miguu ya nyuma ikawa inatetemeka. Kisha akatapika, akahara palepale, mbwa ambaye hajawahi kuchafua uani.

Nilipiga kelele. Mama Agness, jirani wa juu, akaja mbio na kanga yake imelowa.

"Amelishwa sumu huyu! Maziwa, mama Grace, lete maziwa upesi! Na mafuta ya kupikia!"

Nikaleta ya Zawadi ya asubuhi. Mama Agness akamfungua mdomo kwa mwiko, mimi nikamimina. Mengine yalitokea puani. Alikohoa, akajinyoosha, mwili mzima ukawa unaruka kama mtu mwenye degedege. Nikamtazama machoni. Ile mboni nyeusi ilikuwa imebaki ndogo kama kichwa cha sindano. Nikasema tumwingize ndani, baridi itamuua. Tukambeba mpaka jikoni, tukamlaza karibu na moto. Ndiyo mara yake ya kwanza kuwa jikoni. Tukammiminia tena maziwa, na mafuta vijiko vitatu.

Kabla ya saa kumi na moja alikuwa ametulia.

Mama Agness akafuta mikono akasema, "Kuna mtu alikasirika juu ya kuku, sivyo?" Mimi sikumjibu. Lakini nilikuwa nimeshajijibu.

Machi 31

Nimemzika mwenyewe karibu na banda. Shemeji Shedrack alisimama upande wake wa masale akauliza, "Shemeji, nikusaidie jembe?" Nikamwambia asivuke.

Aprili 2

Mvua. Sikula.

Aprili 5, Jumamosi

Ibada ya jumuiya leo ilikuwa kwa mama Agness. Watu kama ishirini. Ilipofika wakati wa maombi, mzee Amon anayetuongoza akauliza nani ana hitaji. Nikasimama. Sikupanga, au nilipanga wiki nzima, sijui.

Nilisema, "Tuwaombee wanaowawekea sumu wanyama wa wajane."

Hakuna aliyeinama kuomba. Wote walimtazama Shedrack. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, kofia magotini. Akasimama taratibu.

"Shemeji, unasema mimi?"

"Mimi nimesema hitaji langu. Aliyewekewa kiatu amejua kinamtosha."

"Mbele ya watu hawa nakuuliza. Unasema mimi?"

Nikasema, "Mfupa ulitoka kwako."

Hilda akaanza kulia. Shedrack akavaa kofia humohumo ndani, akatoka kwenye mvua. Mzee Amon akaanzisha wimbo.

Nilirudi nyumbani nikijisikia mwepesi. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Aprili 9

Grace, binti yetu, amepiga simu kutoka Dar. Nikamweleza. Akasema, "Mama, una uhakika lakini? Baba mdogo? Hiyo ni serious, mama." Nikamwambia mjini hawajui watu walivyo.

Aprili 12

Mama Agness amesema nyumba tano kati ya nane zimeacha kuchukua maziwa kwa Hilda. Wanasema nyumba yenye mkono wa sumu, maziwa yake watayaaminije. Nilimwona Hilda akirudi na ndoo yake ya bati asubuhi, na jinsi alivyoishika nikajua bado ni nzito.

Nilisema moyoni, basi na waonje.

Aprili 13

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya kanisani imekatika kwenye mfereji.

Aprili 20, Pasaka

Kila Pasaka tulikula pamoja na nyumba ya Shedrack. Aminieli alichinja, Shedrack alikata, wakabishana kuhusu ini. Leo nimepika mtori wa ndizi sufuria ndogo, nikaula peke yangu. Upande wa pili wa masale nilisikia wanaongea kwa sauti ya chini. Polisi, mbwa wao, alivuka kuja kunusa alipolala Tomi. Hilda akamwita arudi, kwa kunong'ona, kama mtu anayemwita mtoto kanisani.

Aprili 24, Alhamisi

Leo amekuja bwana mifugo, Wenseslaus, kumpima Zawadi mimba. Ni kijana wa Kibosho, mpole, ana ndevu chache. Mimba ipo. Alipomaliza kunawa akauliza, "Mama, mbona leo sijabwekewa?"

Nikamweleza. Nilidhani atasema pole na kuondoka. Badala yake akakaa kwenye kigoda cha Aminieli.

"Alianzaje, mama? Niambie tangu mwanzo."

"Mate. Mengi, kama uzi."

"Machozi?"

"Ndiyo."

"Akahara? Akatetemeka?"

"Vyote."

"Mboni za macho?"

"Ndogo kama kichwa cha sindano." Nikashangaa amejuaje kuuliza.

Akasogeza kigoda karibu. "Damu ilimtoka? Puani, kwenye fizi?"

"Hapana."

"Dawa ya panya wanayouza huku kwetu ingemtoa damu, tena baada ya siku mbili tatu. Hii si ya panya. Hii ni sumu ya jamii ya dawa za wadudu. Za kahawa, au za kuogeshea ng'ombe. Shemeji yako alipuliza kahawa wiki ile?"

"Kwenye mvua ile? Hapana."

"Kuna mtu aliogesha ng'ombe?"

Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha chai. Nikakiweka chini.

Nikamwambia, "Mimi."

Sikuhitaji kuendelea. Akaniuliza tu kwa upole kama maji yalibaki, nikasema nusu ndoo. Akaomba chupa. Nikaileta kutoka bandani pamoja na miwani ya Aminieli. Akanionyesha maandishi madogo chini kabisa, chini ya picha ya ng'ombe: kwa ng'ombe tu. Chupa ile imekaa kwenye rafu yetu miaka minne na sikuwahi kuisoma. Picha ya ng'ombe ilinitosha.

"Mbwa hujilamba mwili mzima, mama. Na ngozi yake inanyonya. Ng'ombe ana kilo mia nne, Tomi alikuwa na ngapi, kumi na tano?"

"Tulimpa maziwa," nikasema. "Na mafuta."

Hapo ndipo alipotazama pembeni.

"Mnyama anayetetemeka hamezi vizuri. Maziwa yanaingia kwenye mapafu. Na mafuta hayatoi sumu, mara nyingine yanaisaidia kuingia. Kila masika naitwa kwa mbwa wawili watatu wa namna hii, mama, si wewe peke yako. Wafugaji tuna maziwa, tunaona ndiyo dawa ya kila kitu. Na hayo maji ya ndoo, nani huku kwetu anamwaga kitu alichokinunua?"

"Ningefanya nini?"

"Kwanza ungevaa mifuko mikononi, maana hata wewe inakuingia. Halafu ungemwogesha kwa sabuni ya kipande na maji mengi, ukamsuuza, ukarudia, ukamzuia kujilamba. Ungenipigia simu palepale, ukanisomea chupa. Ipo sindano ya kuzuia sumu hii. Ikiwahi, inafanya kazi."

Namba yake imeandikwa na Aminieli kwa chaki kwenye mlango wa banda. Ilikuwepo siku ile.

Alipoondoka nilikwenda kufungua kurasa za mbele za daftari hili. Kila alipoandika "kaogeshwa" ameongeza neno ambalo nilikuwa naliruka: "mabaki shimoni." Nilimwona mara ngapi akichimba kile kishimo nyuma ya banda? Nilidhani anafukia samadi.

Aprili 25

Nitakwenda kwa Shedrack kesho.

Aprili 26

Mvua kubwa. Sijaenda.

Aprili 28

Leo nilifika mpaka kwenye masale. Huku kwetu aliyekosa anachuma jani la sale, analifunga fundo, anampelekea aliyemkosea. Jani la sale halirudishwi. Hata damu ilimwagika zamani na jani likapokelewa. Nilishika jani moja, bichi, lina maji ya mvua. Kisha Shedrack akatoka na mundu, nikajifanya nakata majani ya ng'ombe. Akanipita kama mtu anayepita kisiki.

Mei 1

Sijaenda. Nimejiambia ngoja mvua ipungue, maneno mazito hayasemwi mtu akiwa amelowa.

Mei 4, Jumapili

Hilda hakuja kanisani. Shedrack alikaa peke yake, benchi zima.

Mama Agness alinong'ona, "Ona, dhamiri inamtafuna." Hapo ningeweza kusema. Mwimbaji alikuwa anapumua kati ya ubeti na ubeti, nafasi ilikuwepo. Nikafungua kitabu cha nyimbo.

Mei 7

Mvua.

Mei 10

Sijaenda. Nimetafuta sababu za leo na sikupata, basi nimeandika tu kwamba sijaenda.

Mei 17, Jumamosi

Nilikuwa namenya ndizi, yapata saa tano. Nikamsikia Hilda upande wa pili akimwita Shedrack: "Baba Damian! Baba Damian, njoo! Polisi anakufa!" Halafu nikasikia: "Lete maziwa!"

Sikumbuki kuvuka masale. Nina michubuko mikononi, nadhani nilipita katikati. Polisi alikuwa amelala ubavu uani, mate yananing'inia, miguu inacheza. Hilda amepiga magoti na jagi. Ng'ombe wao amesimama bandani, manyoya yamelowa. Ndoo ipo pale, na kitambaa.

"Acha maziwa!" nikapiga kelele. "Hilda, acha! Usimpe kitu!"

Shedrack akageuka. "Wewe umefuata nini hapa? Umekuja kuhesabu mizoga?"

"Mmemwogesha maji ya ng'ombe?"

"Toka kwangu, shemeji."

"Shedrack, mmemwogesha?"

Hilda akajibu, "Yaliyobaki. Kupe wamemjaa, dada. Saa mbili asubuhi hii."

"Lete sabuni ya kipande. Na mifuko, vaeni mikononi. Na maji, maji yote mliyonayo. Shedrack, simu! Mpigie Wenseslaus, msomee chupa."

Sijui kwa nini walinitii. Labda kwa sababu sijawahi kuwafokea miaka ishirini na sita. Hilda alileta mifuko ya sukari, nikavaa. Tukampaka sabuni Polisi mpaka akawa mweupe, tukasuuza, tukarudia. Damian wao yuko Arusha, hakuna mtu wa kuteka maji, basi Shedrack mwenyewe alikuwa anakwenda kwenye pipa la mvua na kurudi. Kichwa cha Polisi nilikiegemeza chini kidogo ili mate yatoke, yasirudi kooni. Alipotaka kujilamba nilimshika mdomo kwa upole.

Katika kusuuza mara ya tatu Shedrack akauliza, bila kunitazama, "Umejuaje haya?"

Ningeweza kusema bwana mifugo alinifundisha. Lisingekuwa hata la uongo.

"Ndivyo nilivyomuua Tomi," nikasema. "Kwa maji ya ndoo. Mfupa haukuwa na kitu."

Maji yaliendelea kumwagika kutoka kwenye ndoo yake. Hilda alikuwa ameacha kusugua.

"Umejua lini?"

"Baada ya Pasaka."

Akahesabu kichwani, niliona midomo yake. "Wiki tatu na zaidi."

"Ndiyo."

"Wiki tatu nzima tunapitana hapo kwenye masale. Ungesema hata siku moja, leo nisingemwogesha huyu."

Akatazama chini, kwa mbwa.

"Sugua," akasema. "Bado anatetemeka."

Pikipiki ya Wenseslaus ilizama kwenye tope la chini, akamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Alimtazama Polisi machoni, akamsikiliza moyo, akapiga sindano, akasubiri, akapiga nyingine. Aliuliza, "Amepewa maziwa?" Hilda akasema, "Dada amekataza." Wenseslaus alinitazama.

Saa tisa Polisi aliinua kichwa. Saa kumi mate yakakatika. Wenseslaus akasema bado apigwe sindano nyingine jioni na wamwangalie siku tatu, lakini kwa wakati huu amewahiwa.

Niliondoka kupitia njia ya mbele, si kwenye masale. Hakuna aliyenisindikiza.

Mei 18, Jumapili

Polisi amekunywa maji. Nimesikia Hilda akimwambia mtu kwa simu.

Nimelia leo kwa ajili ya Tomi kuliko siku aliyokufa. Siku ile nilikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mei 24, Jumamosi

Jumuiya ilikuwa kwa mzee Amon. Shedrack hakuwepo, Hilda hakuwepo. Ulipofika wakati wa mahitaji nikasimama tena. Nilisema: "Mbwa wangu nilimuua mimi kwa kutojua. Shedrack hakuwa na kosa. Na nilipokwisha kujua, nilinyamaza wiki tatu, hilo halikuwa kutojua." Kisha nikawaeleza habari ya maji ya ndoo na sabuni na maziwa, kwa sababu niliona akina mama wanatazamana, na mmoja akauliza kama paka pia. Nikasema paka ndiyo zaidi, bwana mifugo amesema hivyo.

Mama Agness alisema, "Lakini mama Grace, hata mimi nilikwambia maziwa." Nikamwambia ulikuja mbio kunisaidia, ulifanya ulichokijua.

Mzee Amon akasema sasa nichume sale nikamalize.

Mei 25, Jumapili

Sikuchuma sale.

Nimelifikiria usiku wote. Jani lile ukilipeleka, mtu hana namna, lazima apokee. Mimi nilimshtaki mbele ya watu ishirini, akawa hana namna. Nikimpelekea jani nitakuwa nimemfunga mara ya pili.

Nilikwenda mikono mitupu baada ya ibada. Alikuwa anapogoa mibuni. Polisi amelala karibu naye, mwembamba, akatikisa mkia mara moja.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha."

Akatazama mikono yangu. "Sale iko wapi?"

"Sikuleta. Nimetaka uwe na nafasi ya kukataa."

Akapogoa matawi mawili, matatu. Nilisimama.

"Kaka alijua unafikiri mambo haya?"

"Mambo gani?"

"Haya ya kuzungukazunguka." Akafuta mkasi kwenye suruali. "Haya. Nimekataa."

"Sawa, shemeji."

"Umesikia? Nimekataa. Hilda amelia mwezi mzima. Anaamka anakamua, anamwagia nguruwe. Wewe ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

"Na ulifurahi."

"Mwanzoni nilifurahi."

Nadhani hakutegemea nikubali. Akageukia mbuni mwingine. Nikasema asante kwa kunisikiliza, nikaondoka.

Mei 27

Saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda kwa Hilda. Shikamoo yake aliitoa akitazama sakafu, lakini alinipa. Nikamwomba ndoo yake ya maziwa. Akauliza ya nini. Nikamwambia zile nyumba tano nilizifunga mimi, acha nizifungue mimi.

Mimi maziwa mabichi siyapendi tangu utoto, yananichefua. Lakini kila mlango niliofika nilijimiminia kikombe mbele ya mwenye nyumba, nikanywa, nikasema, "Sumu ilikuwa kwangu, haikuwahi kuwa kwa Hilda." Nyumba mbili zimechukua. Mbili zimesema watafikiri. Mama Valeria alinitazama tangu mwanzo wa kikombe mpaka mwisho, akasema, "Mimi nimeshazoea ya kwingine," akafunga mlango.

Mei 28

Nyumba tatu.

Mei 30

Tatu. Mvua kidogo tu asubuhi, ya kusafisha majani.

Juni 2

Nyumba nne. Tumbo linanguruma kwa maziwa, lakini nakunywa.

Juni 4, Jumatano

Jua limetoka, mlima umeonekana wote mpaka juu, mara ya kwanza tangu Machi.

Nyumba nne zimechukua. Kwa mama Valeria nimegonga mara mbili, nikamsikia ndani akikoroga chai, hakufungua. Nikarudi na lita moja kwenye ndoo.

Shedrack alikuwa kwenye geti lake, anafunga waya. Hatujasemeshana tangu ile Jumapili. Nilitaka kupita niikabidhi ndoo kwa Hilda, akanyoosha mkono akaipokea yeye. Akaitikisa, akasikia maziwa yakicheza ndani.

"Imebaki ya nani?"

"Mama Valeria."

"Alisemaje?"

"Hakufungua."

Akachungulia ndani ya ndoo, kama vile sababu ingekuwa humo. Polisi akaja akanusa viatu vyangu, akakaa katikati yetu.

"Yule ananunua saa kumi na mbili kasoro, kwa yule muuza maziwa wa baiskeli," Shedrack akasema. "Wewe unamfanya wa mwisho. Kesho anza naye."